Mjomba Aliyeuliza Habari ya Shina

Mnanisikia hapa naongea bila kipaza sauti, na walioko nyuma wananipata vizuri. Koo hili nusura liniue.

Nilizaliwa mlimani, juu ya Bigwa, enzi za vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mtoto wa mbio na kelele. Nilipofika miaka minane, mafindofindo yakavimba mpaka yakagusana, yana usaha mweupe, pumzi inanuka hata mbuzi wananikwepa. Uji ulitokea puani. Nikilala nakoroma, kisha pumzi inakatika, mama ananitikisa. Nilikonda nikabaki macho.

Baba akanishusha hospitali mjini. Daktari akanichungulia kooni, akasema, "Huyu akatwe leo hii." Akampa baba karatasi atie sahihi.

"Nisamehe, daktari," baba akasema. "Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba wake hajasema."

Daktari, mgeni hapo Morogoro, alikasirika. "Mtoto anashindwa kupumua, wewe unangoja shemeji?"

Baba akangoja. Kesho yake akafika Mjomba Kosmas, mkulima wa kabichi, matope mpaka magotini. Hakuuliza kama nitapona. Aliuliza, "Mnakataje?"

Daktari akaeleza njia mbili. Moja ni ya kifaa chenye pete na kisu: kinalishika findo, kinalikata mara moja, kazi imekwisha. Ya pili ni kulichambua taratibu kutoka kwenye nyama mpaka litoke lote, na mishipa ifungwe kwa uzi. Hiyo ni ndefu, na maumivu yake ni ya siku nyingi.

"Ile ya haraka inaacha shina?"

"Wakati mwingine."

"Kabichi ukiikata ukaacha shina, inachipua. Dada yake alikatwa hivyo, yamerudi. Huyu mchambueni."

Daktari akacheka. Nesi akaleta wino ili mjomba apige dole gumba. Mjomba akausukuma pembeni, akaomba kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa kubwa za kisomo cha watu wazima. Mpaka leo nikikumbuka natembea kifua mbele.

Nilizinduka natapika damu nyeusi. Masikio yaliniuma kuliko koo lenyewe. Tuliporudi nyumbani mjomba alikataa kuondoka, kabichi zake zikaliwa na viwavi. Siku ya saba, mchana, nimelala, nikaanza kumezameza. Shangazi akasema ni njaa. Mjomba alikuwa ameambiwa na daktari kwamba mtoto akimeza mfululizo usingizini, huenda anameza damu. Akanifunua mdomo, akaona wekundu, akanibeba mgongoni akateremka mlima mbio.

Daktari alikandamiza kidonda mpaka damu ikasimama. "Gamba limebanduka," akasema. "Mngengoja mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mengine."

Sikuugua koo tena. Dada naye alirudishwa, akachambuliwa na daktari yuleyule.

Wazazi wenzangu, siku hizi vifaa ni vingine na sitawachagulia. Ila ulizeni: mnakataje, kitabaki nini, nikifika nyumbani niangalie nini? Nesi akikuona msumbufu, vumilia.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, naushukuru ukoo wa mama yangu. Siku moja ya kungoja ilimkera daktari. Mimi ilinipa maisha mazima ya kumeza ugali bila kuuwazia.