Sahani ya Baba Mkwe

Nimempikia baba mkwe wangu miaka mingi na sijawahi kumtazama usoni. Huo ni mwiko wetu Wanyakyusa: mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wala hasemi naye, na wakikaribiana njiani yeye ndiye anayeingia migombani hadi mzee apite. Majirani zangu wengi hapa Ngana wameuacha. Wanakaa na wakwe zao sebuleni kutazama taarifa ya habari. Mzee wangu hakuuacha, nami nimeolewa katika mji wake, basi nikaufuata. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu haikuwa kazi ndogo.

Mama mkwe alipofariki, kumpikia mzee kukawa juu yangu. Nilikuwa naweka sahani kwenye benchi lililo kati ya nyumba yangu na yake, nafunika, kisha nawaambia kuku kwa sauti, "Kuku nyie, ondokeni hapo, chakula cha mzee kimeiva." Mzee akisikia anasubiri niingie ndani, ndipo anatoka. Akimaliza anaiacha sahani palepale. Nikiikuta nyeupe, nimefaulu. Nami nilipenda kufaulu, kwa hiyo nilikuwa najaza wali wa shamba letu hadi mfuniko unakaa upande.

Matatizo yalianza na kidole cha mguu. Alijikata na jembe kwenye majaruba ya mpunga, kidonda kikakataa kupona. Mume wangu akampeleka kituo cha afya, akarudi na habari kwamba mzee ana kisukari na nesi amesema apunguze wali.

"Ni hilo tu?" nikamuuliza.

"Ni hilo tu," akasema mume wangu, mtu ambaye ukimtuma sokoni vitu vitatu analeta kimoja.

Basi tukapunguza wali. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa Kyela hasa. Kwetu mtu asipokula wali anahesabika hajala. Ukimpa ndizi umempa kitu cha kushikiza tumbo tu. Kwa hiyo nilimwekea wali kidogo, kisha kwa kumhurumia nikamwongezea mbalaga, zile ndizi zetu za kupika na nyama, bakuli zima, mchana na jioni. Alasiri nikampelekea chai na ndizi mbivu, sukari tele, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametaja chai. Nilijiona mkwe hodari kweli. Kidonda kikazidi, hadi harufu yake nikawa naikuta kwenye benchi.

Baada ya kliniki iliyofuata, mume wangu alirudi akinikwepa. Nikambana jikoni mpaka akasema: kipimo kimepanda zaidi, na mambo yakienda hivi mguu utakatwa. Nililia, halafu nikakasirika. Mzee yule anakwenda kwenye kakao yake kila asubuhi. Ukimkata mguu umemweka kwenye kiti asubiri kufa.

"Safari ijayo nakwenda mwenyewe," nikasema.

"Utakaaje naye chumba kimoja?"

"Sitakaa. Kwani chumba hakina nje?"

Siku ilipofika wao walitangulia kwa bodaboda, mimi nikafuata na nyingine. Nikakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha nesi, mgongo ukutani, mlango uko wazi. Nesi akamuuliza mzee anakula nini.

"Kidogo tu," mzee akasema. "Wali nimeupunguza. Najishikiza na ndizi."

"Ngapi?"

"Moja, mbili."

"Na chai?"

"Ya kawaida."

Mbele yangu alikuwa amekaa mgonjwa mwingine ambaye mguu wake mmoja uliishia gotini. Niliutazama mguu ule, kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Sista, ndizi ni bakuli zima, mchana na jioni. Na chai ina sukari mpaka kijiko kinasimama. Mimi ndiye ninayepika."

Mume wangu akakohoa. Nesi, ambaye si mtu wa huku, akaniita niingie. Nikamwambia siwezi, huyo ni mkwe wangu. Akanielewa nusu, akatoka na kunieleza palepale nje, kwa sauti ambayo mzee naye aliisikia. Wali, ugali, ndizi, mihogo, vyote ni kundi moja. Ukipunguza kimoja ukajaza kingine hujafanya kitu. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe samaki au maharage, robo inayobaki ndiyo ya hivyo vingine. Chai bila sukari. Dawa zisirukwe, kidonda kisafishwe kila siku, na asitembee peku. Kisha akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Na wewe mama, ulipima uzito lini?"

Nikapanda kwenye mzani. Ulichosema sikitaji.

Jioni ile sahani ilirudi haijaguswa. Nilikuwa nimemwaibisha baba mkwe, tena mzee wa kanisa, mbele ya mwanawe na mgeni, kwa kinywa kisichoruhusiwa hata kumsalimu. Mume wangu akasema niombe radhi. Nikamuuliza naombaje radhi kwa mtu nisiyesema naye. Nilimjibu kwa ukali, lakini niliogopa sana kwamba mzee hatakula tena chakula changu.

Kesho yake nikaweka sahani kama nilivyoelekezwa: majani ya maboga niliyopika kwenye chungu cha Wakisi, kipande cha mbasa, samaki wa ziwani kwetu, na wali kiasi cha ngumi. "Kuku," nikasema, "hiki ndicho chakula cha nyumba nzima sasa. Hata aliyepika anakula hikihiki, maana mzani umemkataa." Nikaingia ndani. Nikamsikia mzee anakohoa au anacheka; kwake ni vigumu kutofautisha. Sahani niliikuta nyeupe.

Haikuwa mteremko baada ya hapo. Kuna msiba huko Talatala alikula wali wa watu mpaka akaumwa. Mume wangu alinung'unika kwamba tunalishwa kama mbuzi. Mimi mwenyewe niliota mbalaga. Mzee akanunuliwa viatu vya kufunika vidole, na nesi aliporuhusu akaanza kutembea jioni hadi barabara kubwa na kurudi. Mimi nilitembea upande wa majaruba ili tusikutane. Magauni yangu yakaanza kulegea, kwanza mikononi.

Kidonda sikuwahi kukiona. Mume wangu ndiye aliyekiosha, na ukimuuliza anasema, "Kinaendelea," bila kusema kinaendelea kwenda wapi.

Halafu mchana mmoja wa masika niliweka sahani, nikawaambia kuku wangu yaleyale, nikaingia ndani. Nikamsikia mzee anatoka, anavuta benchi, anakaa.

"Kuku nyie," akasema. "Mwambieni anayepika kwamba kidonda kimefunga. Nesi amesema mguu ni wangu."

Akala kidogo.

"Mboga ya leo haina chumvi. Lakini ndaga."

Ndaga ndiyo asante yetu. Nilisimama nyuma ya mlango na upawa mkononi, machozi yananitoka, nikitamani kuku wale wamjibu.