Gari Lililozima Mama Akipanda

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Mvua ilikatika alfajiri, lakini ukungu ulibaki umelalia mashamba ya Ndabibi na barabara ilikuwa tope tupu.

Leo mama alikuwa aende kusafishwa damu Naivasha, naye akakataa. Ijumaa gari lilituzimia njiani, tukachelewa, mgonjwa mwingine akapewa mashine. Siwezi kulaumu hospitali, maana huyo naye figo zake zimekufa kama za mama. Lakini tangu siku hiyo miguu ya mama imefura hadi viatu haviingii, na akilala chali anakosa pumzi.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu aliyotuachia marehemu baba, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mvua ikinyesha hakuna kingine kinachotoka huku. Huzima ghafla kama taa, halafu tukishuka wote tusukume, linawaka kana kwamba halijafanya kitu. Fundi wa waya ameshabadilisha betri na fyuzi, na kila akiliendesha peke yake linakimbia vizuri. "Madam, hii gari inakuogopa wewe tu," aliniambia. Nilidhani anatula pesa tu. Pengine nilimkosea.

Jirani ndiye aliyesema, na sidhani alikuwa na ubaya, kwamba linazima mama akiwa ndani tu. Nikafikiria, nikaona ni kweli. Nikipeleka maziwa halizimi. Ningenyamazia hilo jambo, lakini mama alikuwa amesikia.

"Ni mimi," aliniambia asubuhi, ameketi kitandani. "Baba yako hataki nipande gari yake."

"Mama, baba alikupenda."

"Ndiyo maana ananiita."

Nilimpigia fundi simu nikiwa zizini ili mama asinisikie nikilia. Akaja na bodaboda, tope hadi magotini, nikamwambia yote, hata maneno ya jirani, ingawa niliona haya. Hakucheka.

"Shosho hukaa wapi?" akauliza. Ndivyo anavyomwita mama, yaani bibi.

"Mbele. Hicho kiti ni chake, sisi wengine hukaa nyuma."

"Na ukienda peke yako?"

"Hakuna mtu hukaa hapo."

"Hata mimi sijawahi kukalisha mtu hapo," akasema, kama anayejiuliza.

Akambembeleza mama atoke. Alikuja ameniegemea, akipumzika kila hatua. Nikawasha gari, mama akapanda, fundi akashika mlango akalitikisa. Likazima.

"Mmeona sasa?" mama akasema, akajifunika uso kwa leso. Nilijuta kumtoa kitandani.

Tukamshusha, tukamkalisha kwenye kigoda. Fundi akaliwasha tena, akaniambia nikae mimi kwenye kiti chake. Mimi ni mwembamba, si mzito kama mama. Alitikisa hadi meno yakagongana, na injini ikaendelea kunguruma. Niliomba Mungu lizime, mama aone si yeye peke yake. Halikuzima.

Fundi akaingia stoo, akaburuta gunia la viazi, tukalipandisha kwenye kiti cha mama. Akatikisa. Likazima.

"Shosho, na viazi navyo mzee hataki?"

Mama hakucheka, lakini aliondoa leso usoni.

Fundi akapapasa chini ya kile kiti, ambapo hupita waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta. Ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake ya plastiki, kwa nje hauonekani. Mtu mzito akikaa, kiti kinaushindilia na ncha zinaachana. Akishuka, zinagusana tena. Fundi angetazama hapo mapema, ni kweli, lakini nami sikuwahi kumwambia nani hukaa wapi.

Akaunga waya, akaliwasha gari, akalitikisa na gunia likiwa juu, halikuzima. Ila saa sita ilikuwa imepita. Nikapigia hospitali, nesi akasema mashine zote zina watu, nimlete kesho alfajiri. Sijui kama ule waya utashika kwenye mashimo. Sijui kama pumzi ya mama itafika hiyo alfajiri. Labda mwenye akili zaidi angejua la kufanya.

"Kesho utapanda?" nikamuuliza.

Akalionyesha gari kwa kidole. "Basi toeni hivyo viazi kwenye kiti changu."

Jioni tulikula ugali na kabeji. Ya mama niliipika bila chumvi, akala kidogo, ameketi wima ili apumue.