Presha ya Mjomba

Shuleni kwa binti yangu, hapa Makorora, wazazi tuliitwa tufundishwe namna ya kuzungumza na watoto kuhusu dawa za kulevya. Kila aliyenyanyua mkono aliulizia mtoto wa jirani. Nikajiuliza hao majirani wenyewe wameshinda wapi siku hiyo, maana darasa lilijaa wazazi wa malaika watupu. Na mimi niliulizia wa jirani. Tukagawiwa karatasi: keti na mwanao, mtazame machoni, mwambie ukweli.

Nyumbani nikampa mume wangu karatasi ile. Akaisoma mara mbili, akakohoa, akasema mambo ya mtoto wa kike yana shangazi yake. Wifi yangu akaja kutoka Chumbageni, akajifungia chumbani na binti saa nzima, akatoka akisema kazi imekwisha. Nikamuuliza binti kaambiwa nini. Kaambiwa asipokee biskuti za watu asiowajua, na sketi ishuke kidogo.

Basi ikabaki kwangu. Jumamosi tulikuwa jikoni, yeye anakuna nazi, mimi nachuja tui. Nikamsomea karatasi yote kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mjomba alikufa na nini?"

Mdogo wangu alifia bafuni kwetu, binti akiwa na miaka minane. Ukoo mzima ulikubaliana kwamba ni presha. Tuliieleza presha hiyo kwa ufasaha mpaka baadhi ya waliokuja kutupa pole wakaacha chumvi.

"Presha," nikasema. Nilimtazama machoni, kama nilivyoelekezwa.

Hakuacha kukuna. "Ile sindano niliitoa mie mkononi mwake. Nikaitupa chooni kabla hujafika. Bibi alikuwa akisema kila siku watu watatucheka."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Miaka sita mtoto huyu ametutunzia siri yetu, na sisi watu wazima tunatumiana karatasi, tukitafuta nani wa kumwambia. Nikaweka chujio chini, nikaketi karibu yake.

"Uliogopa, mwanangu?"

"Mpaka leo nabisha hodi bafuni, hata nikijua hamna mtu."

Hodi zile nazijua. Nimekuwa nikimsifia kwa majirani kwamba ana adabu.