Kupeleka Posa kwa Baiskeli

Gari likilala linakula. Hilo nimelijua mwenyewe, sikufundishwa na mtu, maana shule niliishia darasa la nne. Ng'ombe akilala anacheua, na asubuhi kakuachia samadi. Gari langu lilikuwa likilala uani kwangu Busunzu wiki nzima, na siku ya kuliamsha linataka betri, au bushi, au tairi moja limeisha upepo. Fundi wangu wa Kasulu aliezeka nyumba, na mabati mengi ya ile nyumba niliyanunua mimi.

Nililipata kwa asali. Nilianza na mizinga ya magome porini, kijana asiye na viatu, hadi nikawa nanunua asali ya wenzangu na kuiuza mjini. Nikasema sasa na mimi nionekane. Nikaonekana kweli. Mwenye mgonjwa aliniona, mwenye harusi aliniona, mwenye mfuko mmoja wa saruji aliniona.

Masika moja gari likakwama kwa fundi, likisubiri kifaa kutoka Dar es Salaam. Nikashika baiskeli. Ndoo za asali nilizifunga nyuma, nikazipeleka hadi barabara kuu, pale nikazipakia kwenye basi. Mvua zilipokatika nikafungua sanduku nikakuta fedha ya asali ipo. Nilifikiri nimekosea, nikamwita mke wangu naye aangalie. Ipo. Kesho yake nikaenda Kasulu, nikaliuza gari likiwa palepale kwa fundi, sikulirudisha hata nyumbani kuagwa.

Aliyelinunua ni mwenye duka la vitenge, mtu ambaye wazee wake walitoka pwani, ana maneno laini. Akaniambia, "Mzee wangu, wenzako wanatoka kwenye baiskeli wanaingia kwenye gari. Wewe unakwenda kinyumenyume?" Nikamjibu anipe fedha yangu, ya mbele na ya nyuma atayaona yeye.

Fedha ile nikanunua mitamba. Hilo watu hawakuliona, maana ng'ombe wangu wanachungwa bondeni, na baiskeli inapita barabarani.

Sasa kijana wangu wa mwisho akapata mchumba upande wa Makere. Watu wetu walikuwa wamekwenda mara ya kwanza, wakatajiwa ng'ombe sita. Wale wa kwa binti walikuwa wamesikia baba wa kijana ana gari, na nadhani gari lile liliwasaidia kuhesabu. Ilibaki mimi mwenyewe niende, nikae na mzee mwenzangu, tumalize. Mke wangu akataka nikodi gari. Alisema watatuona tumefilisika, na kijana atanyimwa mke kwa ubishi wa baba yake. Nikamwambia kukodi gari la kujisifia, halafu jioni linarudi kwa mwenyewe, huo ni uongo wenye matairi. Alinipigia pasi suruali, lakini hakunijibu.

Nilikwenda na mdogo wangu, ambaye ndiye msemaji wetu kwenye mambo haya, kila mtu na baiskeli yake. Tuliondoka alfajiri. Kwenye milima alilalamika, akasema nimemfanya punda wa harusi. Kwenye mteremko sikumsikia.

Tulipofika tukasalimiana kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, kwa kupiga makofi taratibu kama inavyotakiwa, na kuulizana watoto, mashamba, mvua. Tukakalishwa, ikaletwa pombe ya ndizi ndani ya chungu, na mirija ya kunywea. Niliona wenyeji wananitazama sana miguuni. Nikadhani ni viatu, maana vilikuwa vipya. Nikaunyoosha mguu kidogo wavione vizuri.

Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa binti. Baba mwenyewe alishughulika na mrija wake. Yule baba mdogo akasafisha koo, akasema kwa sauti ya msibani, "Wazee wetu, tumeona mlivyokuja. Hali hubadilika, leo kwako kesho kwangu. Tulisema sita. Leteni watatu, na kwa hao watatu msije mkauza shamba."

Mdogo wangu akanikanyaga mguu. Nilimwelewa vizuri sana. Ng'ombe watatu wameokolewa kwa kukaa kimya tu. Hakuna asali inayolipa hivyo. Mimi ni mtu wa kubana fedha, na hapo nilikuwa nimepewa bure. Nikafungua mdomo niseme ahsante.

Lakini binti alikuwa ameingia na maji ya kunawa, na alisikia. Akatutilia maji, macho chini, na niliona hakupenda. Mke wa kupunguziwa kwa huruma, kila akigombana na wake wenzake wa ukoo ataambiwa: wewe tulikupata kwa bei ya msiba. Na mwanangu ataitwa mtoto wa yule aliyeanguka. Mimi sijaanguka. Nimepanda kutoka kwenye mizinga ya magome.

Nikaondoa mguu chini ya kiatu cha mdogo wangu.

"Sikuuza gari kwa njaa," nikasema. "Niliuza kwa akili. Mlisema sita, ni sita."

Mdogo wangu akainama akachungulia ndani ya chungu kama kuna kitu kimedondoka. Ndipo baba wa binti akauacha mrija.

"Sasa mkwe, wewe mwenye ng'ombe sita, mbona umekuja umefungwa miguu kama kuku wa sokoni?"

Nikatazama chini. Ile mipira ya tyubu ninayofunga kwenye suruali, cheni isiikamate, ilikuwa bado ipo. Huku na huku, myeusi, juu ya viatu vipya. Nilisalimia nayo, nikapiga makofi nayo.

"Nimeifunga ili cheni isile suruali," nikamwambia. "Gari lilikuwa linakula na mwenye suruali."

Akacheka hadi akakohoa. Lakini msemaji wao hakucheka. Alisema maneno ni maneno, watakuja wawaone hao ng'ombe kwa macho, na wasipowaona, habari ya binti iishie hapo. Nikasema karibuni. Tulirudi, na mdogo wangu hakunisemesha hadi Busunzu. Mke wangu naye alipopata habari, nikawa na watu wawili wa kutonisemesha.

Walikuja, na walikuja kwa gari la kukodi, ili nasi tuwaone. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kinamasi cha chini ya kwangu likazama hadi milangoni. Ikabidi wateremke na nguo zao nzuri, viatu mkononi, wakatize bondeni kwa miguu, na kule bondeni ndiko wanakokaa ng'ombe wangu. Walipita katikati yao. Sikuhitaji kusema neno. Baba mdogo wa binti aliwahesabu kwa kidole, kisha akawahesabu tena, tope limemfika magotini. Mke wangu alikuwa amesimama kizingitini. Akanitazama, akasema chakula kiko tayari, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu posa.

Wakala, wakanywa, tukakubaliana siku ya kupeleka ng'ombe. Vijana walikuwa bado wanachimba gari. Jioni ikaanza, mwenye gari anadai fedha ya kuchelewa, baba mdogo anabishana naye. Mkwe wangu akanivuta pembeni, akaniuliza ile baiskeli ina breki. Nikamwambia zote mbili. Akasema atafika nayo barabara kuu apande basi, na ataiacha kwa mtu wa kuaminika. Mke wangu akampa vipande viwili vya tyubu, mkwe akajifunga mwenyewe, akapanda, akaondoka anapiga kengele.

Binti yuko hapa kwangu sasa, ana mtoto, na hakuna anayemwambia lolote. Ng'ombe sita walitoka, wengine wakazaa. Baiskeli yangu haijarudi hadi leo. Nasikia huko Makere mkwe anaendea nayo shamba na kanisa. Sijamdai. Nimenunua nyingine, na hata ukizijumlisha zote mbili bado hazifiki bei ya tairi nne.