Mirija Thelathini ya Mama Pamba

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuingiza kijiti chenye pamba puani mwa wagonjwa wa homa ya mafua. Watoto wakimwona njiani walishika pua wakatimua mbio. Wakubwa walimwita Mama Pamba. Kila alichokitoa puani alikitia kwenye mrija, akauhifadhi katika jokofu la maabara ya hospitali, lenye baridi ya digrii themanini chini ya sifuri.

Mrija mmoja ulikuwa wa mama yake mzazi. Mafua ya mwaka alipougua yaliua watu tisa wodini, mama akiwa wa saba, na hakuna aliyejua ni kirusi gani. Miaka sita ikapita ndipo watafiti wa maabara kuu wakaandika: tunakuja kuchukua mirija, tuichunguze.

Siku tatu kabla hawajafika, umeme ulikatika asubuhi. Jenereta haikuwa na tone la dizeli. Kufika mchana, jokofu lilikuwa linatoa jasho. Roho juu, Mama Pamba alikimbilia kwa mwenye bucha, aliyekuwa na friza ya jenereta.

"Makamasi ya wagonjwa juu ya nyama yangu? Dada, unanitakia mema kweli?"

Akaenda kwa bwana mifugo, mwenye mtungi wa nitrojeni ya baridi kali wa kuhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe.

"Mwanangu, maji yamenifika shingoni."

Kijana alijikuna kichwa. "Thelathini tu, mama. Zaidi ya hapo ng'ombe wa watu hawatazaa."

Mirija ilikuwa mia sita. Alichagua akitafuta yenye maelezo kamili. Wa mama haukuandikwa hata siku homa ilipoanza. Siku alipoujaza, machozi yalimzidi. Akauweka kwenye thelathini. Akautoa. Akaurudisha. Akautoa.

Umeme ulirudi keshokutwa yake, mirija mingine yote imeshaharibika.

Majibu yalikuja baada ya miezi minne. Mirija kumi na mmoja ilisomeka, yote kirusi kimoja. Huenda ndicho kilichomuua mama, huenda sicho. Aliipeleka barua ya majibu nyumbani kwa mdogo wake, aliyeisoma akauliza:

"Na wa mama?"

"Uliyeyuka."

"Nani alichagua?"

"Mimi."

Mdogo wake aliinuka, akaingia chumbani, akajifungia. Mama Pamba aligonga, akamwita kwa jina lake la utotoni. Akaiacha barua mezani, akaondoka.