Siku Nilipoponesha Mutumbwi wa Papa

Mimi niliyejijenga bila diploma, hakuna kitu ya kunishangaza tena. Lakini juzi pale Shasha, kando ya ziwa, nilipoona vijana wanajaza maji mu mutumbwi wangu mupya, wa tatu huo, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilikumbuka mutumbwi wa papa, baba yangu, nikiwa bado mutoto. Alikuwa ameuza ng'ombe wetu wa pekee kule Ngungu, mu milima, njo tukashuka ku ziwa kuununua. Ulinukia mbao mbichi na gudroni, ile lami ya kuziba mbao, na kando yake samaki ndogo za sambaza zilikuwa zinakauka. Ukiwa bado ku muchanga, fundi aliyeutengeneza akaanza kuumwagia maji ndani, ndoo kwa ndoo. Mimi mutoto wa mulima nikaelewa jambo moja tu: ng'ombe wetu anaharibiwa!

Wakubwa walipoenda kula, nilishika sufuria, nikachota maji yote nikayamwaga inje, jua likinichoma mugongo.

"Papa, nimeponesha mutumbwi!"

Fundi alishika kichwa. "Weye mutoto wa milima! Mbao inakunywa maji ili ivimbe, ifunge nafasi zake. Sasa jua imezifungua tena!"

Papa alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, mulipishe yeye mwenyewe. Iko tajiri."

Fundi hakucheka. Kwa desturi yao mafundi wa mitumbwi, mwenye kukausha mutumbwi mbele haujaingia ziwani analipa, ao fundi anabeba vyombo vyake anarudia nyumbani, na mutumbwi unabaki ku muchanga.

Nililipa: kuku wangu mweusi, pamoja na mayai sita yenye alikuwa analalia.