Mwamba Usio na Madume

Watu wakikwambia yule mjane ana moyo wa chuma, waambie waende zao. Siku zile hakuwa na moyo wa aina yoyote. Tangu mumewe nahodha aondoke kwa homa ya siku chache tu, alikuwa anaamka, ananawa, anawapeleka watoto shule, anafika kazini. Akiletewa chai anakunywa, akisahauliwa haulizi. "Jikaze," walimwambia, naye akaitikia "ahsante" kama aliyepewa chenji.

Kazi yake ilikuwa katika maabara ya idara ya uvuvi: kuwapasua chewa walionunuliwa sokoni na kutazama yaliyomo tumboni. Chewa ana mambo yake. Wote huanza wakiwa majike. Wakishanenepa na kuzeeka kidogo, baadhi hugeuka madume. Sasa sisi binadamu tunapenda wepi? Wakubwa! Tukiwamaliza hao, yanabaki mayai yasiyo na wa kuyarutubisha.

Msimu ule alipasua mpaka vidole vikakakamaa. Mayai yamejaa, ya njano, tayari kabisa kutagwa. Ute mweupe wa dume, hata tone.

"Lo! Wake watupu, waume hamna!" akacheka mwenzake wa meza ya pili, kisha akakumbuka anaongea na nani, akajiziba mdomo. Mjane akaendelea kusuuza kisu. Hakuumia hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe.

Maneno yana miguu. Jioni shemeji yake, mdogo wa marehemu aliyeachiwa boti, akamfuata mlango wa nyuma wa maabara.

"Shemeji, kesho kwenye mkutano wa idara na wenye boti useme madume uliwaona. Wawili watatu tu, yaishe."

"Sikuwaona."

"Watafunga mwamba, tusivue chewa msimu mzima! Watoto wa kaka wanakula kwa boti ile, wanasoma kwa boti ile. Au unadhani mimi naokota?" Akasogea karibu. "Nakuomba, shemeji. Sijawahi kukuomba kitu."

Na kweli hakuwahi. Kaburi alilichimba yeye, unga alileta bila kuambiwa. Mjane akamjibu kwamba atafikiri, akaenda zake kulala bila kufikiri chochote.

Ukumbini wenye boti wote wakamkodolea macho. Mkuu wa idara akauliza. Shemeji akainamisha kichwa.

"Madume hakuna," mjane akasema. "Hata mmoja."

Mpaka leo wapo wanaomsifu ujasiri. Ujasiri gani, jamani! Uongo unataka mtu autunge, aubebe, na kesho aukumbuke. Yeye nguvu hizo angezitoa wapi? Alisema lililokuwa mdomoni. Mwamba ukafungwa, na shemeji akatoka bila kumtazama.

Asubuhi ya kwanza ya marufuku aliamka kabla ya watoto, akakaa kitandani akisikiliza. Boti ilizoea kuwashwa ufukweni, ng'ambo ya barabara, kila alfajiri, injini ikikohoa kwanza ndipo ishike. Hata baada ya mazishi iliendelea hivyo hivyo, na mwili wake, bila yeye kujua, ukaendelea kuamini kwamba mtu wake amekwenda kazini na mchana atarudi. Leo kimya. Akangoja. Jua likapanda.

Binti yake mkubwa alimkuta sakafuni, analia kwa sauti ambayo nyumba ile haikuisikia hata siku ya maziko.

"Mama! Kuna nini?"

"Baba yenu amekufa," akasema.